Mayai ya Kilindini

Siku ya nne kuku hakushuka kula.

Asiyefuga ataona hilo si jambo. Magreth alifuga, na alijua kuku anayelalia mayai hushuka mara moja kwa siku, anadonoa haraka haraka, anakunywa, kisha anarudi mbio kama aliyeacha chungu motoni. Huyu mtetea mwekundu, aliyekwisha kutotoa mara tano bila kuharibu hata yai moja, alikaa tu. Uwele aliomwagiwa mbele ya mdomo ulikuwa vilevile. Maji ya kwenye kikopo yalikuwa vilevile. Na chini ya kiota, hapo Sepuka, mwezi wa tisa, wakati hata ukitema mate yanakauka kabla hujageuka, udongo ulikuwa umelowa.

"Huyu ndiye mama," Magreth alisema kwa sauti ya kufika jikoni. "Siyo wale mtoto analia, wao wameshika simu."

Jikoni alikuwepo mkwe wake, Hana, akimnyonyesha Faith, binti yake wa miezi mitano. Hana alikulia Itigi karibu na stesheni, na mambo ya kuku aliyakuta kwa mumewe. Naye hakuwa bubu.

"Basi Mama, kesho asubuhi huyo kuku ndiye akuamkie shikamoo."

Magreth hakucheka. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume na ulimi usiojua kupumzika, na tangu Hana aolewe, ulimi ule ulikuwa umepata kazi ya kudumu. Hana akichelewa kuamka, kuku wamemshinda. Hana akimpa mtoto uji wa moto, kuku wamemshinda. Kila siku mkwe alilinganishwa na kuku, na kila siku kuku alishinda.

Mayai aliyolalia yule mtetea hayakuwa ya kuku. Yaliletwa na Chediel, mume wa Hana, aliyerudi wiki ile kutoka Mtwara baada ya kufanya kazi miaka mitatu kama msaidizi wa mpishi kwenye meli ya watu wanaochunguza bahari, akija nyumbani likizo mara moja kwa mwaka. Alikuja na chupa kubwa ya achari, ndani yake maji ya chumvi na jiwe jeusi, na juu ya jiwe vitu vyeupe vimening'inia kwa vikonyo, vikubwa kuliko harage, vidogo kuliko yai la kwale. Vilikuwa arobaini na kimoja.

"Mama, wewe ndiye bingwa wa mayai," Chediel alisema akicheka. "Haya hujawahi kuyaona. Ya pweza. Siyo pweza wa supu, huyu anakaa chini kabisa, kwenye sakafu ya bahari, hakuna jua wala nini. Wale wazungu walikuwa wanashusha mashine yenye taa, sisi tunamwona kwenye skrini. Mwaka wa kwanza amekaa juu ya jiwe. Mwaka wa pili jiwe lile lile. Mwaka wa tatu amebaki ngozi, amekuwa mweupe, bado amekaa. Hali kitu. Kaa anapita mbele yake, anamsukuma tu."

"Halafu?"

"Siku ya mwisho mashine ikapanda na jiwe limenasa kwenye kikapu, yeye kalikumbatia. Wakubwa walikuwa wamelala. Nikambandua mkono mmoja mmoja. Ana mikono minane, nikibandua huu anashika na ule. Nikamtia kwenye mafuta nimwonje, hamna kitu, maji matupu. Nikatupa."

Hana alimvuta Faith karibu na kifua bila kujua kwa nini amefanya hivyo. "Chediel, hukumwonea huruma?"

"Pweza?"

Magreth yeye hakuwa na habari ya huruma. Alikuwa anayatazama mayai. Sepuka nzima ilimjua kwa mkono wake: alikwisha kumlalisha kuku mayai ya bata, na ya kanga wa porini yaliyookotwa shambani, na yote yakatotolewa. Kwake yai lilikuwa yai, na kilichokosekana kilikuwa joto. Akalitoa jiwe kwenye chupa, akalifuta kwa kitambaa, akamwekea mtetea mwekundu.

Siku ya tisa mtetea alikutwa amekufa, amekaa vilevile, macho wazi. Magreth alipomnyanyua alimwona mwepesi kama ganda la alizeti. Mayai chini yake yalikuwa yamenenepa, na ndani ya kila moja palikuwa na vidoa viwili vyeusi. Akamweka mtetea mwingine, mwenye madoa. Huyo alikaa siku sita, naye akafa.

Hapo ndipo ilipokuja harufu. Si harufu ya kuku aliyekufa, hiyo Magreth aliijua. Ilikuwa harufu ya chumvi na ya ubaridi, harufu ambayo hakuna mtu wa pale aliyewahi kuinusa ila Chediel, na Chediel alipoinusa aliacha kula.

"Yatupe, Mama," alisema polepole. "Leo leo."

Magreth alikuwa anapepeta uwele. Akamtuma Hana.

"Nenda kayatupe kwenye shimo la taka. Au na hilo linahitaji kwanza uangalie simu?"

Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi. Hana alimlaza Faith kwenye mkeka kivulini, akaingia bandani. Magreth alimaliza kupepeta. Akamaliza na kuchekecha. Faith akaanza kulia, kilio cha njaa cha kawaida, kisha cha hasira, kisha kile cha kukauka sauti ambacho mama yeyote akikisikia anaacha hata chakula kinaungua, na bado Hana hakutoka, na Magreth aliyenyanyuka na matusi yake yote tayari mdomoni akafika mlango wa banda na matusi yakamkwama, kwa sababu jua lilikuwa linawaka nje na bati la banda lilikuwa linalia kwa joto, lakini ndani mlikuwa na giza zito la ubaridi, na katikati ya giza hilo Hana alikuwa amechuchumaa juu ya kiota, sketi imetandazwa pande zote, mikono imezunguka magoti, macho wazi, na hakupepesa.

"Hana. Mtoto analia."

Hana alimtazama kama mtu anayetazama kitu kilicho mbali.

"Wako kimya," alisema. "Wote wako kimya."

* * *

Walimvuta. Chediel na wanaume watatu wa jirani walishindwa kumwondoa pale, si kwa sababu alipigana, bali kila waliposhika, ngozi iliteleza, na walipoachia viganja vyao vilikuwa vimelowa. Siku moja ikapita, na ya pili. Hakula, hakunywa, hakulala. Maziwa yalikuwa yanamtoka na kuloanisha blauzi, na mtoto wake akilia hatua kumi kutoka alipo hakugeuza hata shingo. Walipomwekea Faith kifuani, alimsukuma pembeni kwa mkono mmoja. Faith alipewa maziwa ya ng'ombe akayatapika. Akapewa ya kopo akayatapika. Nesi wa zahanati alimpima, akamwangalia Magreth, akasema mtoto huyu anamtaka mama yake, basi.

Magreth aliogopa. Ulimi ule ule uliokuwa unakata kuni ulikuwa sasa unaomba. "Hana, mama Faith, mwanangu, shuka. Nakuomba. Nilikuwa natania." Hana alikuwa anasogeza sketi ili upepo usiingie kwenye kiota.

Siku ya nne alfajiri Chediel alipanda bodaboda mpaka Mkiwa kumwita Mzee Damiani. Mzee huyu ujana wake aliumaliza Pangani akikata mkonge, na kule alijifunza kusema na majini. Hakuwa na mbwembwe. Alifika saa saba mchana na mfuko wa nailoni, wakampa shikamoo, akaitika, akawasha ubani mlangoni mwa banda. Moshi haukupanda. Ulitambaa chini kama maziwa yaliyomwagika.

"Hodi hapa," mzee alisema. "Nani amekaa?"

"Mama." Sauti ilikuwa ya Hana, lakini imepoa.

"Mama wa nani?"

"Wa hawa."

"Umetoka wapi?"

"Chini. Kule ambako kitu kikizama hakiulizwi."

"Una jina?"

"Hatuitani. Kuna giza, na kila mmoja ana jiwe lake." Kichwa cha Hana kiligeuka taratibu, mabega yakabaki yalipo, mpaka macho yakampata Chediel. "Ilikuwa imebaki miezi mitatu. Huyu alinitia kwenye mafuta. Nilikuwa naona."

Chediel alikaa chini kwenye vumbi.

"Unataka nini?" mzee aliuliza.

"Mwili mlionichukulia mmenilipa huu. Sasa nirudisheni na hawa. Nikifika kwenye maji nitamwachia."

"Tutakurudisha. Siku tatu, nipate gari. Na mtoto wa huyu mwanamke?"

"Mimi sina neno naye," sauti ilisema. "Si wangu."

Mzee Damiani aliwavuta kando, akaongea kwa kunong'ona. Jumamosi ataleta gari, watampakia Hana pamoja na jiwe lake mpaka baharini. Kabla ya hapo wasiguse yai hata moja. Alirudia mara tatu, na mara ya tatu alimwangalia Magreth peke yake.

Lakini Ijumaa asubuhi Faith hakulia tena. Alikuwa analala tu, utosi umebonyea, midomo imepasuka. Magreth alimbeba, akampima kwa mikono yake iliyozoea kupima vifaranga, na akajua.

"Jumamosi tutakuwa tunachimba kaburi," alimwambia mwanawe.

"Mzee alisema tusiguse."

"Mzee anajua majini. Mimi najua kulalia. Kuku akigoma kushuka unamnyang'anya mayai, ananuna siku moja, anasahau. Lete kamba."

Ndivyo alivyofanya, na sidhani kama kuna mfugaji wa Singida ambaye asingefanya hivyo hivyo. Chediel alizungusha kamba ya katani kifuani kwa Hana, akavuta kwa nyuma huku analia. Magreth aliingiza mkono chini ya sketi, akalitoa jiwe, akalipeleka uani, akayakwangua mayai kwa kisu cha jikoni. Yalipodondoka kuku walikuja mbio. Walikula yote, wakigombania, na kila lilipopasuka kulikuwa na kitu ndani kilichojikunja na kujikunjua, chenye macho.

Hana hakupiga kelele. Kwenye giza la banda alikuwa anahesabu kwa sauti ndogo, moja moja, kila mdomo wa kuku ulipofunga. Alipofika arobaini na moja alinyamaza. Kisha akakohoa, akashika kifua.

"Chediel, umenifunga kamba ya nini? Faith yuko wapi? Matiti yananiuma."

Magreth alilia kwa kelele. Alimkimbilia na mtoto, akamwekea mikononi, na Faith akanyonya mpaka maziwa yakamtoka puani. Siku hiyo Magreth alimwita Hana mwanangu mara nyingi kuliko siku zote tangu aolewe, na alichinja jogoo.

* * *

Mzee Damiani alifika Jumamosi na gari. Alimkuta Hana amekaa kwenye kigoda ndani ya stoo ya mahindi yenye giza, alikohamia tangu jana, anamnyonyesha mtoto.

"Umechelewa, Mzee," Magreth alimwambia. Aliona raha kulisema hilo, na aliikumbuka raha ile kwa muda mrefu. "Kuku amenyang'anywa mayai, ameshuka."

Mzee alikuwa anaangalia chini ya kigoda. Udongo ulikuwa umelowa.

"Tangu jana," aliuliza, "huyu mtoto amewekwa chini?"

Waliangaliana. Hakuwekwa. Hana alilala amemkumbatia, alikwenda chooni amemkumbatia. Na yule jogoo, hakuna aliyemwona Hana akimla.

"Kuku husahau," Mzee Damiani alisema. "Huyu hakusahau. Ulimwondolea arobaini na moja, halafu kwa mikono yako ukampa mmoja."

"Tumnyang'anye!" Chediel alisema.

"Mlimnyang'anya baharini. Mkamnyang'anya hapa. Haya, jaribu."

Chediel alijaribu. Alimshika Faith kwapani akavuta, na mikono ya Hana haikukaza, ilizunguka tu taratibu, ikajikunja, mpaka mtoto akawa wa bluu. Akaachia.

"Basi mrudishe baharini, gari si hilo?"

"Baharini alitaka kwa sababu ya wale. Wale hawapo. Sasa jiwe lake ni hapa." Mzee alichukua mfuko wake. "Sikilizeni niwaambie, sitarudi tena. Atamlea mtoto wenu vizuri kuliko mama yeyote wa nchi hii. Hatakula, kila kitu atampa yeye. Lakini wa kule kilindini wana sheria moja. Siku watoto wanapoondoka kwa nguvu zao wenyewe, kazi ya mama imekwisha, anakufa pale pale. Na safari hii hana mwili wake wa kufia."

"Kuondoka vipi?" Magreth aliuliza, ingawa alikuwa amekwisha kuelewa.

"Mtoto wa mtu anaondokaje kwa mama yake? Kwa miguu."

* * *

Faith alinenepa. Watu walimsifia, mtoto wa mikunjo mikunjo. Hana walimpeleka hospitali na mtoto wake mikononi, akatundikiwa maji, akapimwa, hawakuona kitu, akarudi. Mwezi baada ya mwezi alipauka, nywele zikamtoka, vidole vikawa virefu na laini, na stoo nzima ikanuka chumvi. Wakati mwingine alikuwa Hana kabisa, anauliza habari za Itigi, anataka kusukwa. Wakati mwingine aliangalia mlango saa nzima bila kupepesa, na ukimsemesha anakusukuma pembeni kwa mkono mmoja, polepole.

Mtoto alipotimiza miezi tisa alianza kujikaza miguu juu ya mapaja ya mama yake, anajisukuma, anataka kusimama. Magreth aliona. Usiku huo hakulala, na asubuhi alichana kitenge vipande, akaingia stoo, akamfunga mjukuu wake miguu, pamoja, kuanzia magoti mpaka vifundo.

"Mama, unafanya nini?" Chediel alinong'ona.

"Unataka mke?"

"Nataka."

"Basi toka nje."

Miezi mitano Faith alifungwa. Alilia kwanza, kisha akazoea, na kuzoea kwake ndiko kulikomuumiza Magreth kuliko kilio. Magreth alibadilisha vitambaa kila asubuhi, akiosha miguu iliyokuwa inakonda na kupinda huku mwili wa juu unanawiri, ingawa kila ikifunguliwa ilijikaza tena kusimama. Alijuta. Alijuta mpaka chakula kikawa hakipiti, na kila akifunga lile fundo alijiambia ni kwa ajili ya Hana, ambaye alimwonea, ambaye alimtuma yeye bandani, na ambaye hata ndugu zake wa Itigi walikuwa wanatamani kumwona akiwa hai tu, vyovyote atakavyokuwa. Alikuwa anamlipa mama kwa miguu ya mtoto, na hakuwa na njia nyingine.

Jumapili moja, saa nne asubuhi, watu wako kanisani, Hana alisema, "Mama, mfungue."

Magreth alikuwa ameinama na kitambaa mkononi. Hakuinua kichwa.

"Nikimfungua utakufa."

"Miguu inakufa. Mfungue."

Magreth alimtazama. Macho yalikuwa yamezama, yametulia, na hayakumwambia kitu. Alitafuta humo mkwe wake, yule wa kumjibu jeuri, asimwone. Akatafuta yule mwingine, asimwone pia.

"Nani anasema?" aliuliza. "Ni wewe Hana, au ni yeye?"

"Ni mama yake."

Ile mikono ambayo kwa miezi minane haikuachia ikafunguka. Vidole virefu vikafika kwenye fundo kabla ya vya Magreth, vikalilegeza, vikakunjua kitambaa mzunguko mmoja, na mwingine, na mwingine, na Magreth angeweza kuzuia, alikuwa karibu, alikuwa na nguvu kuliko mwili ule wa mifupa, lakini aliiona ile miguu miembamba yenye alama za kitambaa, na hakuweza. Hana alimsimamisha Faith juu ya udongo uliolowa, akamshika kiunoni kwa viganja viwili.

"Dede," alisema. "Simama dede."

Mtoto alisimama. Magoti yaligongana, akayumba, akacheka. Mbele yake, hatua nne tu, alikuwa bibi yake, na mtoto akanyoosha mikono kwake kama wanavyofanya wote.

Magreth akaficha mikono yake mgongoni. Alirudi nyuma mpaka ukutani, asiwe mahali pa kufikia, na aliomba kwa Mungu wake, kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani, mtoto wa mwanawe aanguke.

Faith alipiga hatua moja. Nyuma yake Hana alianza kupiga makofi, polepole, kwa furaha, "Dede, dede, dede." Hatua ya pili. Ya tatu ilikwenda upande, mtoto akajishika hewani, hakuanguka. Ya nne ikamfikisha, akashika sketi ya bibi yake kwa mikono miwili, na makofi yakakoma.

Harufu ya chumvi iliondoka stooni mara moja. Ikabaki ya mahindi.

Magreth hakuwa na haja ya kuangalia. Faith alifanya kazi kubwa, alijua ni kubwa, akageuka na uso wake wote unaong'aa kumtazama mama yake, akingoja asifiwe. Alingoja kidogo. Kisha, alipoona kimya, akajipigia makofi mwenyewe.